Shosho Alitaka Ukumbi Usimame

Kila Desemba sisi Wakenya wa Arlington, huku Marekani, hukodi ukumbi wa kanisa kusherehekea siku ya Jamhuri. Kabla ya chakula kuna desturi moja. Kila familia iliyokuwa na mtu msituni wakati wa kupigania uhuru humtuma kijana mbele, anamtaja mtu wao, na ukumbi mzima unasimama. Wenye mtu wao hawasimami. Wao hukaa, wakapokea heshima.

Mimi maiki naiogopa kuliko mtihani wa hesabu. Lakini mwaka huu shosho, mama yake baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nyeri, na alitaka kitu kimoja tu: watu wasimame kwa heshima ya babake kabla yeye mwenyewe hajafa. Huko nyumbani hakuna aliyewahi.

Alinisimulia jikoni akikatakata sukuma wiki. Babake aliongoza kikosi msituni, na hakujua kusoma. Vita vilipozidi, viongozi waliosoma waliunda baraza, wakagawana vyeo, wakataka kila kikosi kipokee amri kutoka kwao. Yeye akakataa. Alisema hawa wanajitengenezea viti vya serikali huku vijana wanakufa njaa. Kisha Waingereza wakatuma ujumbe kwamba wanataka mazungumzo. Vijana wake walikuwa wamefika mahali pa kuchemsha ngozi za wanyama na kuzila, kwa hiyo akaenda kusikiliza. Aliporudi, baraza lilikuwa limeshaamua kwamba ameuza msitu. Waliomuua ni wenzake. Shosho wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni, na amekua akiitwa mtoto wa msaliti.

Na viti vyenyewe, uhuru ulipokuja, walivikalia watu ambao msitu waliuona kwa mbali.

Mwenyekiti wa sherehe yetu ni mjukuu wa mmoja wa wale wa baraza. Sijui nani alimwambia kwamba ningemtaja babake shosho. Alimpigia baba simu tukiwa garini, sauti ikasikika gari zima. Alisema nimtaje mamake shosho, yule aliyepeleka chakula msituni, lakini hiyo hadithi nyingine niiache. "Hiyo ni siasa, bwana. Tusiharibu siku ya watu." Huyo ndiye anayebishana siasa za Nairobi kuanzia supu hadi keki. Baba akajibu sawa, hakuna shida.

Shosho alikuwa kiti cha nyuma, kando yangu. Alingoja simu ikatwe.

"Mama nampenda," akasema. "Lakini yeye hakuna aliyemtukana."

Baba aliendelea kuendesha kama redio ndiyo iliyoongea.

Zamu yetu ilipofika nilienda mbele. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema, "Kwetu ni babake shosho. Aliongoza kikosi msituni. Aliuawa na wenzake, na hakuwa msaliti." Kisha nikangoja, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

Hakuna aliyesimama. Mwenyekiti alikuwa anakunjakunja kitambaa cha meza. Wamama wa kwaya, ambao hunipa lifti kila Jumapili, waliangalia sahani ambazo bado hazikuwa na chakula.

Halafu akasimama mwanamke mmoja, jirani yetu Mkongomani wa ghorofa ya chini, ambaye mama alimwalika. Alikuwa ameona watu wakisimama kwa wengine wote, naye akasimama, mkoba begani. Akageuka huku na huku.

"Sasa hawa banakaa juu ya nini?" akamuuliza mama kwa Kiswahili cha kwao, maana yake mbona wamekaa.

Kuna mtu alicheka. Mwenyekiti akamwita kijana wa familia iliyofuata, na ukumbi ukasimama haraka, viti vikigonganagongana.

Shosho hakutaka kula. Aliniomba nimpeleke garini, nikamwashia hita, nikakaa naye.

"Yule mama ni wa wapi?"

"Wa Kongo, shosho."

"Alimjua baba?"

"Hapana."

Akaitikia kwa kichwa, akavuta shali mpaka kidevuni. Kutoka pale tulikuwa tunaona ndani kupitia mlango wa vioo. Baba hakusimama, na hakuna wa kumlaumu, maana wenye mtu wao hukaa. Sherehe ilipoisha alibaki nyuma kukunja viti, yeye upande mmoja wa safu na mwenyekiti upande wa pili. Mwenyekiti akasema kitu, na baba akacheka.

Shosho pia aliona. Akaniambia nizime hita, gari limekuwa na joto.