Trekta Nanunua Mimi, Anaulizwa Shemeji

Leo nimepewa kiti na soda, nikaambiwa nisubiri wanaume wazungumze.

Trekta nanunua mimi. Shamba la Kwale nalima mimi. Shemeji yangu, muuza leso wa Biashara Street, nilimwomba anisindikize tu hadi maduka ya trekta ya Makupa.

Duka la kwanza nauliza, "Hili dogo litavuta plau kwenye udongo mzito?"

Muuzaji anamjibu shemeji! Naye anaitikia kwa kichwa, eti anaelewa.

Nikavuka barabara kwa wapinzani wao. Muuzaji mwanamke. Alhamdulillahi, huyu tutaelewana.

Akanishika mkono: "Mama, mwache mzee aliendeshe kwanza. Wewe utachagua rangi."

Mzee mwenyewe hata baiskeli hajui!

Nimerudi nyumbani Kuze bila trekta. Shemeji yuko barazani, anawaeleza watu lipi bora.

Mwenye swali amuulize yeye.