Tairi la Kuchongwa na Nyama ya Khocha

Safari hii ya pikipiki, kutoka Nairobi hadi nyumbani kwetu Kimilili, haikuwa ya matembezi. Wafula, mtoto wa dada yangu Nekesa, alikuwa anatahiriwa Agosti. Kwetu sisi Wabukusu, siku moja kabla ya kisu, kijana huja kwa khocha, yaani mjomba wake, achinjiwe fahali na kuvikwa shingoni ukanda wa nyama uitwao luliki. Nekesa hana kaka wa tumbo moja ila mimi. Nilimwahidi Wafula kwa simu: "Nitakuvisha kwa mikono yangu mwenyewe."

Mchana, siku moja kabla ya safari, nilipeleka pikipiki katikati ya jiji kwa Bi. Rukia, mama wa Lamu anayeuza vipuri. Aliinama akapapasa tairi la nyuma.

"Mwanangu, huu mpira ushakwisha katikati. Mabega ya pembeni yangali mazima kwa kuwa wewe waenda moja kwa moja tu, Waiyaki Way kila siku. Safari ndefu yataka mpira wa lami, mgumu, wenye mifereji ya kutoa maji. Saizi yako yaja kesho asubuhi."

Kesho asubuhi! Asubuhi mimi nilitaka niwe Naivasha. Niliogopa kuchelewa, nikaaga.

Mtaani Satellite, ninakoishi, fundi wa jirani alipasha kisu moto, akachonga mifereji mipya katikati ya tairi lilelile kuukuu. "Buda, hii sasa inakaa ka ya duka," akaniambia. Kweli lilipendeza. Sisi watu wa Nairobi kitu kikimetameta tumeshakiamini, nami nililala kwa raha kama mtu aliyenunua jipya.

Alfajiri nilipita Loresho, baridi ikinitafuna vidole. Mpaka Nakuru nilikuwa naimba ndani ya helmeti. Lami iliposhika joto, nyuma kukaanza kuyumba, na nilipofika Salgaa tairi likapata pancha. Likazibwa, nikaendelea. Karibu na Timboroa, mvua ikinyesha, likapasuka kabisa, nusura niingie mtaroni.

Nilisukuma pikipiki hadi Timboroa, ambako fundi wa pancha alilitoa, akaligeuza, akanionyesha nyuzi zilizochungulia.

"Nani alichonga hii? Raba ilikuwa imeisha, na yeye amekata ile kidogo ilibaki."

"Haiwezi nifikisha Kimilili?"

"Hii? Haikufikishi hata hapo kwa kona. Wacha niambie mtu alete ingine kutoka Eldoret."

Nilingoja kibandani kwake huku saa zikienda. Mwishowe nikampigia Nekesa.

"Kaka, uko wapi? Watu wamefika, fahali amefungwa. Kijana lazima arudi kwa baba yake kabla ya giza. Nifanye nini?"

"Mwambie Simiyu achinje, amvishe na luliki," nikasema. Simiyu ni mtoto wa baba yangu mdogo, kwa hiyo naye ni khocha wa Wafula. Maneno hayo yaliniuma nilipoyatamka, na yananiuma hadi leo.

Kimilili niliingia jioni, juu ya tairi jipya lililopita kwenye matope bila taabu. Uani nyasi zilikuwa zimekanyagwa, damu ya fahali bado mbichi. Njuga za Wafula zilisikika kwa mbali, zikirudi kwao. Simiyu alikuwa ananawa mikono.

"Karibu, ndugu yangu. Tumekuwekea nyama."

Sikuweza kula. Kesho yake asubuhi nilishuhudia kijana akikatwa, akasimama imara bila kupepesa jicho. Nilishangilia na wenzangu, ila nyuma kabisa ya umati.

Nairobi nilirudi salama. Siku hizi siangalii urembo wa mifereji. Nabonyeza raba yenyewe nijue unene wake, na tairi la safari nalinunua mapema, wakati ambapo bado naweza kungoja. Nililojifunza ndilo hilo, na ninajua ni la kweli. Lakini halinirudishii kitu, maana luliki huvikwa mara moja tu, na aliyekuvika ndiye unayemkumbuka.

Juzi nilimpigia Nekesa, nikamwomba ampe kijana simu nimsalimie.

"Niaje, Wafula! Ni khocha."

"Khocha gani?" akauliza kwa furaha. "Yule wa luliki?"

Nikamtajia jina langu.