Mbolea Mbichi kwenye Magunia Sita

Hadi leo, mvua ikilowesha banda la kuku na ule mvuke mkali ukapanda, mimi hutoka kwenda kukagua majani ya magunia yangu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Tuliishi mtaa wa Shauri Moyo, na nje ya chumba chetu Mama alikuwa na shamba la magunia sita. Kutengeneza moja si kazi ngumu. Unachukua mkebe usio na kitako, unausimamisha katikati ya gunia, unajaza kokoto ndani yake na udongo pembeni, kisha unauvuta juu kidogo kidogo huku ukiongeza. Nguzo ya kokoto inabaki, na maji hupita humo hadi chini. Mboga kama sukuma na managu huota juu na ubavuni. Baba alikuwa amekosa kibarua viwandani, kwa hiyo kilichoingia chunguni kilitoka hapo.

Siku moja Mama alisema mbolea ya kuku ina nguvu kuliko ya ng'ombe. Pengine alikuwa hajamaliza, mimi sikungoja. Nilienda kwa jirani yetu Mama Mutua, mfugaji wa kuku, nikadanganya kwamba nimetumwa.

"Nekesa, leo umekuwa bwana shamba?" akanicheka, akinijazia ndoo.

Nikaimwaga yote, ikiwa mbichi, kwenye mashina. Nilitaka kumshangaza Mama.

Siku ya tatu, niliporudi kutoka shule, nilimkuta ameketi kando ya magunia. Kingo za majani zilikuwa zimekauka kama karatasi iliyopitishwa motoni.

"Ulitoa wapi?"

Nikamwambia. Hakupaza sauti. Alinieleza, taratibu kama anayenifundisha kusuka, kwamba mbolea ya kuku ikiwa mbichi huunguza. Huachwa kwanza ioze na kupoa. Tukaikwangua kwa vijiko. Iliyokwisha kuzama udongoni ilihitaji kuoshwa kwa maji mengi, nayo maji ya mfereji yalikuja Jumamosi tu. Ilikuwa Jumatano. Tulikuwa na mitungi mitatu, na mmoja ulikuwa wa kunywa.

"Hii miwili inatosha magunia matatu," akasema. "Chagua."

Nikamwomba achague yeye. Akanisogezea mtungi. Nikashika shina moja moja, nikasimama mbele ya gunia lililoungua zaidi, kwa kuwa ndilo nililoliumiza zaidi.

"Hilo limeshaenda, mwanangu. Mwagilia litakalotulisha."

Nikamimina kwenye kokoto za magunia matatu yaliyoungua kidogo, hadi maji ya kahawia yakatoka chini. Yalipona. Yale mengine yalikauka mbele ya macho yangu, na kwa majuma mengi Mama alikuwa akisema ameshiba kabla sisi hatujashiba.

Nilikua nikiamini kwamba kuchagua kulikuwa adhabu yangu. Kisha juzi Mama Mutua alikuja kuona magunia yangu hapa mtaani Tena, akaniambia jambo. Siku ile, Mama aliyaona majani asubuhi, mara tu nilipoondoka kwenda shule. Yeye Mama Mutua akajitolea wauoshe udongo upesi, kwani kila saa ilikuwa ikiua mashina. Mama alikataa. Akavuta ndoo, akaipindua, akaketi.

"Mwenye shamba yuko shule," alimwambia. "Tumngoje."