Mudrick Apanda Mlima Bila Tisheti

Mudrick alikuwa afisa mipango katika wizara moja kule Mtumba, Dodoma, na kama kuna mtu aliyeipenda kazi yake mpaka ikamharibia nyumba, ni yeye. Bafu alilojenga uani kwake Makole lilikuwa na kuta zilizonyooka na vigae mpaka kifuani. Halikuwa na paa. Ukimuuliza habari za paa, alikujibu kwa sauti ile ya ofisini: "Lipo kwenye mchakato."

Mkewe Asma alioga chini ya mbingu misimu mitatu ya mvua. Mwezi wa nne manyunyu yakamkuta na povu kichwani, na fundi aliyekuwa akipaka rangi ghorofa la jirani akamwamkia kutoka huko juu, kwa adabu zote: "Shikamoo mama." Asma akajikausha, akafunga sanduku, akapanda basi la Kondoa kwenda kwao, juu ya ule mlima wa baada ya Kolo. Hakugombana na mtu. Mlangoni alisema tu, "Siku ukitimiza neno moja lililotoka kinywani mwako, nitarudi. Hata lile la baiskeli."

Lile la baiskeli lilikuwa la enzi za uchumba. Mudrick alimwapia kwamba ipo siku atatoka Dodoma mjini kwa baiskeli, aupande mlima wa kwao wote, asishushe mguu chini mpaka barazani kwa Mzee Abdulwahab, baba yake Asma. Mwanamume akiwa mchumba hana breki.

Jumapili moja ya Julai, upepo ukipuliza vumbi hadi kwenye ugali, alipiga simu Joha, mdogo wake Asma.

"Shemeji, hujafa?"

"Nipo, shemeji."

"Basi sikiliza. Baba ameita kikao Jumamosi baada ya alasiri. Wazee watakaa. Kuna neno litasemwa pale, na likishasemwa halirudi. Halafu kuna mwalimu mkuu mmoja alifiwa na mkewe, siku hizi hakauki hapa kwetu. Eti anamjulia hali baba. Baba mwenyewe mzima kama fahali."

Mudrick alikaa kwenye ndoo. "Mwambie dada yako nakuja. Kwa baiskeli."

Joha alicheka mpaka akapaliwa. "Ipo kwenye mchakato?"

Mtu mwingine angejaza upepo akaondoka. Mudrick aliunda kamati.

Tumwonee huruma. Makole hakuna anayeoa, anayezika wala anayebarikiwa bila kamati, na jirani yake Ernest alikuwa amezaliwa mwenyekiti. Ubaya ni kwamba Mudrick hakuweza kusema ukweli. Mtaa mzima alikwisha uambia Asma anamuuguza mama yake. Angesemaje sasa kwamba mke kalikimbia bafu? Akadanganya kwamba safari ni ya kuhamasisha mazoezi, watu wapambane na sukari na presha. Ernest, ambaye tumbo lake huingia kikaoni kabla yake, aliguswa sana.

Jumatano jioni kamati ikakaa sebuleni kwa Ernest. Mudrick alitandaza ramani. Kesho alfajiri kutoka, kulala Haneti. Ijumaa kulala Kondoa. Jumamosi, mlima. Hapo kwenye mlima kidole chake kilipita haraka. Alikwisha uota: kona baada ya kona, malori yakinguruma mgongoni, na yeye juu ya baiskeli ya giya ambayo cheni yake huruka ikizidiwa. Alibadilisha raba za breki. Alikata taulo nusu, akavunja mpini wa mswaki. Kila gramu aliihukumu.

Ndipo mizigo ikaanza kuingia.

"Shikamoo, Mama Anyesi," alisema Mudrick, akiona mfuko wenye sukari na doti za khanga ukimjia.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unapita Haneti. Mama yangu atakusubiri barabarani."

Nyuma yake akaingia Munira, muuza mitumba, mzaliwa wa kijiji kile kile cha kina Asma, na tenga. Ndani ya tenga kulikuwa na jogoo la mbegu, kubwa kama mbuzi mdogo, limemkazia Mudrick jicho moja.

"Huyu ni wa mama yangu, huko juu," Munira alisema. "Kuku wake wanataga vijiyai kama vya njiwa. Anataka mbegu."

"Munira, ule mlima—"

"Unakwenda au huendi?"

Kwetu msafiri hukataa kula, hukataa hata kuagwa, lakini mzigo hakatai. Akikataa, ukoo mzima utajua kabla hajafika stendi. Mudrick alipokea jogoo.

Ernest akakohoa kikohozi cha mwenyekiti. "Wajumbe, tisheti hazijatoka kwa mchapishaji. Na mgeni rasmi wa kutuzindulia msafara ana semina. Napendekeza tuahirishe mpaka Alhamisi ijayo."

Vichwa vikaitikia pande zote.

"Haiwezekani," alisema Mudrick.

"Sababu?"

Sababu ilikuwa kooni pale, yenye povu kichwani. "Ni... ratiba."

"Ratiba si yetu wenyewe, mjumbe?"

Tena, tuseme kweli, ndani yake kulikuwa na sauti nyingine, tamu kama usingizi wa asubuhi. Ahirisha, Mudrick. Utampigia Joha, utamwambia kamati ndiyo imeamua. Hutaliona lori, hutaiona kona. Maisha yake yote sauti hiyo ilimlea vizuri. Alifungua mdomo kukubali.

"Na jogoo?" aliuliza Munira.

"Jogoo atasubiri," alisema Ernest.

"Mwenyekiti, nimeshampigia mama. Jogoo wake wa zamani amechinjwa leo mchana, wageni wamemla. Kuku wakae wiki nzima hivi hivi?"

"Na mama yangu mimi?" Mama Anyesi alidakia. "Akae barabarani mpaka Alhamisi ijayo?"

Munira alimgeukia Mudrick, akamtazama bila kucheka. "Hata wewe unajua, kaka. Mji haukai bila mwenyewe. Wengine huanza kupitapita."

Mudrick akaelewa kwamba Munira anajua. Mama yake na mama yake Asma walichota maji bomba moja. Bila shaka alijua tangu siku ile ya povu, na hakuwa amesema neno. Alifunga ramani.

"Mimi naondoka alfajiri," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

Aliondoka bila tisheti na bila mgeni rasmi, jogoo likiwika kwenye keria na kuwaamsha watu ambao hakutaka wamwone. Upepo ulimsukuma ubavuni mpaka Haneti, ambako bibi mmoja mwembamba alipokea sukari na khanga, akamkabidhi mfuko wa karanga ambazo hakuziomba. Kondoa alilala na magoti yasiyokunjika. Jumamosi akaswali adhuhuri pale Kolo, akalifunga tenga vizuri, akaanza.

Kona ya kwanza aliipanda kwa giya. Ya pili kwa dua. Kwenye ya tatu lori lilimpigia honi mgongoni, jogoo likapiga mabawa, tenga likavuta huku na baiskeli kule, cheni ikaruka. Mguu wa kushoto ukashuka chini wenyewe.

Alisimama pale. Hapakuwa na shahidi ila jogoo. Angeweza kupanda tena na kunyamaza. Lori lenyewe likasimama mbele, dereva akachungulia. "Kaka, pandisha hiyo baiskeli. Huko juu nakushusha kabla ya kona, hakuna atakayejua."

Kutoka juu, upepo ulileta adhana ya alasiri. Kikao kilikuwa kinakaribia kuanza.

"Ahsante, ndugu yangu," Mudrick alisema, akaanza kusukuma, mbio mbio, akijikwaa.

Kona ya mwisho walisimama wanawake wawili. Joha alikuwa na simu tayari kumrekodi. Asma alikuwa amekunja mikono.

"Ulisema hutashusha mguu," alisema Asma.

Majibu yote ya ofisini yalimjia: changamoto za utekelezaji, hali ya hewa, mambo yaliyo nje ya uwezo. Yalipanga foleni kwenye ulimi.

"Nilishusha. Kona ya tatu. Tangu pale nasukuma."

Asma alimtazama magoti, akamtazama viatu. "Na bafu?"

"Halina paa."

Joha alisubiri lile neno la mchakato. Alishusha simu alipoona haliji.

Asma akafungua kamba ya tenga, akamtia jogoo kwapani kama mtu aliyempokea mgeni wake. "Wazee wanakaa sasa hivi. Ukifika barazani, waambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Usiongeze kitu."

Alitangulia. Mudrick akafuata na baiskeli, nyepesi ghafla.

"Shemeji," alisema Joha pembeni yake, "na kushuka umepanga vipi?"

"Sijapanga."

"Tutashuka na basi," Asma alisema bila kugeuka, "na Kondoa mjini tutateremka kununua mabati."