Figo ya Dada, Kibofu Kilichopuuzwa

Saa mbili asubuhi, katika hoteli moja ya mtaa wa Al Rigga, Dubai, Yuliana anatandika kitanda cha tatu tangu aingie kazini. Anainama taratibu. Chini ya sare yake kuna mfuko mdogo uliobandikwa tumboni. Mkojo wake huingia humo, kwa kuwa kibofu hana tena.

"Mimi sioni haya," anasema Mtanzania huyu mwenye miaka 41. "Waone haya wao walionipuuza."

Miaka sita iliyopita, dada yake, Fortunata, alimpa figo moja. Tangu hapo Yuliana humeza dawa za kushusha kinga, ili mwili usiikatae figo hiyo.

Mwaka jana alianza kukojoa damu. Kwenye kliniki moja ya Deira, hapo hapo Dubai, alisema wazi kwamba amepandikizwa figo. Daktari hakubandua macho kwenye kompyuta.

"Ni UTI tu, madam. Wanawake mnapata sana. Kunywa maji."

Alikwenda mara tano ndani ya miezi saba. Mara zote alipewa antibayotiki. Kazini, msimamizi wake, Mohannad, alianza kumsimanga: "Yalla, haraka, Yuliana! Umekuja kufanya kazi au kukaa chooni?"

Siku moja alianguka akisafisha chumba, akakimbizwa hospitali. Huko Daktari Lamees alimsikiliza, akampima, akamweleza. Kuna kirusi kiitwacho BK, ambacho watu wengi wanacho bila kudhurika. Kwa aliyepandikizwa figo, kinga ikishushwa, kinaweza kuamka na, kwa nadra, kuchangia saratani ya kibofu. Saratani yake ilikuwa imeshaingia kwenye msuli wa kibofu.

Kibofu kikaondolewa. Dawa nazo zikapunguzwa ili kinga ipande, ingawa mwili ungeweza kuikataa figo.

"Nilimpigia dada nikilia, nikamwambia huenda nikaipoteza figo yake. Akanijibu, 'Nilikupa uishi, mdogo wangu. Wewe ishi kwanza.'"

Figo bado inafanya kazi. Vipimo vya mwezi uliopita havikuonyesha saratani.

Hasira ndiyo haijamtoka. Alipoomba faili lake kwenye kliniki ile ya Deira, hakuona popote palipoandikwa kuhusu figo.

"Mara tano nilisema. Hawakuandika hata mara moja!"

Mhudumu wa mapokezi akamjibu, "Khalas, yameisha, madam. Si umeshapona?"

Alhamisi, siku yake ya mapumziko, Yuliana atarudi kliniki na barua. Anataka kila mgonjwa aulizwe kama amepandikizwa kiungo, na jibu lake liandikwe.

"Barua siiachi kwa mtu," anasema, akipiga mto ukae sawa. "Nitakaa pale mpaka meneja aisome mbele yangu."