Koti la Kiti

Sijui fundi mwingine Kawangware aliyewahi kukishonea kiti koti, ila baba yangu. Si foronya wala kitambaa cha kochi. Koti kamili, lenye kola na vifungo vitatu, kwa vipimo vya kiti. Mpaka leo nikikutana macho na mwenzangu wa dawati la pili katikati ya mkutano, tunainama wote wawili tukijifanya tunatafuta kalamu.

Nilikuwa mwaka wa pili katika kampuni kubwa ya mawakili mjini, ghorofa ya tisa. Sisi mawakili wadogo tulikuwa kumi na wawili kwenye ukumbi mmoja. Mkataba ulisema tunaanza saa mbili asubuhi na kumaliza saa kumi na moja jioni, na nadhani aliyeuandika alikuwa mtu wa utani, kwa sababu sikuwahi kumwona yeyote akitoka saa kumi na moja. Kila dakika sita ilibidi uandike umezitumia kwa kazi ya mteja gani. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi ambayo haikuandikwa popote, ulijua tu.

Mwenye kampuni alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye sote tulimwita Madam. Hakuwahi kumnyima mtu ruhusa, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Ungemwomba siku ya Jumatano, akakwambia, "Sawa kabisa," na tabasamu juu. Halafu Ijumaa saa kumi jioni faili linatua mezani kwako, na mteja wake anataka majibu Jumatatu asubuhi. Hakuna aliyerudi kumkumbusha. Ungeanzia wapi?

Kwa hiyo watu waliishi kwa makoti. Ukitaka kutoroka, uliliacha koti lako mgongoni mwa kiti, kompyuta ikiwaka, miwani juu ya karatasi. Koti kitini lilimaanisha mwenyewe yuko karibu, pengine maktaba, pengine msalani. Yule mwenzangu wa dawati la pili alikuwa na miaka minne pale, na mimi nililizoea koti lake wiki nzima kabla sijamwona mwenyewe.

Mimi nilihitaji kutoroka Jumamosi moja tu, ya mwezi wa saba. Mchumba wangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekulia Silanga kule Kibera, alikuwa aje kwetu na wazee wake kujitambulisha. Kwetu sisi tuliotoka magharibi ya nchi, wageni wakishakaa, msichana anaitwa kutoka jikoni na kuulizwa mbele ya wote: unawajua hawa? Akisema anawajua, chai inamiminwa. Asipokuwepo hakuna wa kuulizwa, na chai inabaki kwenye birika. Tulikuwa tumeahirisha mara mbili, zote kwa ajili ya faili la Ijumaa. Mara ya pili wageni walikuwa wamefika Riruta na jogoo wao ndani ya kikapu, ikabidi wageuze. Mjomba wa mchumba wangu, mzee asiyepandisha sauti, akatuma ujumbe kwamba watakuja mara ya tatu, na wakinikosa watajua wamejibiwa.

Nilimpenda yule mwalimu kiasi cha kucheka peke yangu bafuni. Sikuwa tayari kumpoteza eti kwa sababu watu fulani walikuwa wanauziana ghala la majani chai.

Ila nilikuwa na koti moja tu la kazi, na mwezi wa saba Nairobi hutoki nje bila koti. Nikaenda kwa baba. Kibanda chake cha mabati kiko kando ya barabara ya kwenda Riruta, na humo hushona sare za shule na suti za watu wenye shughuli. Kila mteja humuuliza nguo inakwenda wapi na lini. Jibu analiandika kwenye karatasi ndogo na kuibana mfukoni mwa nguo kwa pini, asije akamchelewesha bwana harusi kwa ajili ya mtu anayetaka suruali ya kukaa nayo nyumbani.

"Hiyo koti ni ya kwenda wapi?" aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Haiendi mahali, baba. Inakaa tu kwa kiti ya ofisi, ndio wadhani niko."

"Sasa inavaliwa na nani?"

"Na kiti."

Mguu wake ukasimama kwenye pedeli. "Basi niletee vipimo ya kiti, mama." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mimi sishonangi nguo ya kubahatisha," alisema, akanikabidhi futi yake.

Ndivyo nilivyojikuta, Jumatatu wakati wa chakula cha mchana, nimepiga magoti ofisini nikipima mabega ya kiti. Yule mwenzangu akatokea na sahani ya chapati.

"Niaje. Unapima kiti ya nini, inaolewa?"

"Mimi ndio naolewa. Kiti inabaki."

Nilipomweleza aliweka sahani chini na kushika ukuta kwa kicheko. Alipopata pumzi akatazama huku na huku ukumbini, akanong'ona, "Si viti zote ni saizi moja? Ambia mzee anishonee pia." Kufikia Alhamisi baba alikuwa na oda tano.

Langu lilikuwa la kwanza. Lilikuwa la buluu iliyokoza, mgongo umenyooka, mabega mapana kama ya askari jela. Mikono, kwa kuwa hapakuwa na wa kuipitisha, baba aliifunga ncha na kuishonea mbele, ikakunjana tumboni kwa adabu, isije ikakanyagwa na magurudumu. Nilipolivisha kiti asubuhi ya Ijumaa, kiti kikaonekana wakili kunishinda.

Na hapo ndipo Madam alipopita. Akasimama. Akaigusa kola.

"Koti zuri. Fundi wako ni nani?"

"Ni baba yangu, Madam."

"Mshono safi. Livae, twende tukamwone mteja."

Koti langu halisi nilikuwa nimelificha kwenye droo ya chini. "Nasikia joto, Madam," nilisema. Nje kulikuwa na ukungu. Mwenzangu akaanza kukohoa, na hakukohoa kama mtu mgonjwa. Nilikwenda kwa mteja na blauzi ya mikono mifupi, nikatetemeka saa nzima huku nikitabasamu, na mteja akaniuliza mara mbili kama ninakubaliana na kipengele cha nne, maana nilikuwa nikitikisa kichwa bila kukoma.

Saa kumi jioni faili likatua, kama kawaida.

Jumamosi nilifika kabla ya wafagiaji. Nilisoma na kuandika bila hata kunywa maji, na saa sita mchana kazi ilikuwa imekamilika, faili ndani ya droo. Kuaga hakukuwezekana, maana aliyeaga alipewa lingine. Nikakinyoosha kiti, nikaiweka sawa kola, nikavua viatu na kushuka ghorofa tisa kwa ngazi, viatu mkononi, roho ikiruka kama ya mtoto aliyeiba mandazi.

Nyumbani tulikuwa tumeazima viti vya majirani wanne. Saa nane wageni wakaingia: mchumba wangu na tai iliyomkaba, mama yake anayeuza sukuma wiki kule Silanga, shangazi wawili, yule mjomba, na jogoo yuleyule. Nikaitwa. Nikatoka na leso mpya kiunoni, nikasimama katikati ya sebule ndogo hivi kwamba magoti yangu yaligusana na ya mjomba.

"Unawajua hawa?" baba aliuliza.

Simu ikaanza kulia. Ilikuwa kwenye mfuko wa sketi, na kila mtu aliisikia. Nilijua ni nani kabla sijaitazama. Mchumba wangu akafumba macho.

"Nawajua," nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Shangazi wakapiga vigelegele. Simu ikanyamaza, ikaanza tena. Ilipolia mara ya tatu mjomba akainua mkono. "Pokea, binti yetu. Tusije tukasikia kuna mwingine anataka kujulishwa."

Nikaipokea palepale, wote wakisikiliza.

"Uko wapi?" Madam aliuliza.

"Niko karibu, Madam."

"Karibu na wapi?" Jogoo akawika ndani ya kikapu. Madam akangoja amalize. "Mimi nimekaa kwenye kiti chako. Nilisikia baridi, nikataka kuvaa koti lako. Halina mahali pa kupitisha mkono."

Baba alinitazama, na mimi nikamtazama yeye, na hapo ndipo nikakumbuka karatasi. Nilikuwa nimesahau kuitoa mfukoni mwa koti.

"Kuna kikaratasi hapa," Madam aliendelea, akakisoma polepole. "'Koti ya kiti. Jumamosi saa nane. Ikikaa hapa, binti yangu yuko nyumbani anajulishwa kwa watu wake. Isikose.'"

Nilijiona nimeshafutwa kazi. Cha ajabu, sikuhuzunika. Nilikuwa nimeshasema nawajua.

"Wameshafika?" aliuliza.

"Wamefika, Madam."

"Umeshaulizwa?"

"Nimeulizwa. Nimesema nawajua."

Nikasikia kiti changu kikilia alipoegemea. "Siku yangu mimi, nilikuwa ofisini nikisoma mkataba," alisema. "Aliyeulizwa badala yangu ni dada yangu, akaolewa yeye. Sasa hivi sikumbuki hata mkataba ulihusu nini." Halafu, kwa sauti yake ya kazi, "Faili?"

"Liko kwenye droo. Limekamilika."

"Kaa huko. Jumatatu uniletee huyo fundi."

Chai ikamiminwa. Niliinywa nikicheka na kuogopa kwa zamu, na mchumba wangu akanishika mkono mbele ya wazee, jambo ambalo halikuwa kwenye utaratibu.

Jumatatu baba alikuja na suti yake nzuri, futi shingoni. Mapokezi walimpa fomu ya wageni, akaandika sababu ya ziara: kuitwa. Tulipita ukumbini katikati ya jozi kumi na moja za macho, wale wenye oda zao wakiwa wameduwaa zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa niaba ya ukoo mzima.

Madam alisimama nyuma ya meza yake. Akamsalimu baba kwa mikono miwili, halafu akaonyesha kiti chake, kikubwa cha ngozi, chenye mgongo mrefu. "Pima hicho."

Baba hakuuliza mara mbili. Alipima mgongo, mabega, kina, akiandika na penseli aliyoitoa nyuma ya sikio. Alipomaliza akachukua karatasi ndogo.

"Hii koti ikikaa hapa, wewe utakuwa wapi?"

Madam akacheka kidogo. "We shona tu, mzee."

"Siwezi, Madam. Lazima niandike."

Nilitaka zulia linimeze. Madam aligeukia dirishani. Simu ya mezani ililia, hakuipokea, na sijawahi kumwona akiacha simu ilie.

"Kijiji cha Raila," alisema mwishowe. "Kibera. Kwa mama yangu. Nilimjengea nyumba kwingine, alikataa kuhama. Anasema hapo ndipo najua njia ya kumfikia." Hakuna mtu ofisini aliyewahi kujua kwamba Madam alikulia Raila, mwendo wa miguu tu kutoka Silanga kwa kina mchumba wangu.

"Siku?" baba aliuliza.

Hilo lilimshinda. Alifungua kalenda kwenye simu yake, akaipandisha na kuishusha, akaipandisha tena. Baba alingoja na penseli yake kama anavyowangojea mabwana harusi wasio na uhakika.

"Alhamisi," alisema. "Saa kumi na moja jioni."

"Hii moja tu, ama kila Alhamisi? Koti ya sufu haichakai haraka."

"Kila Alhamisi," Madam alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Baba alishona siku tatu mfululizo. Alhamisi hiyo, saa kumi na moja kamili, mlango wa Madam ulifunguka, na nyuma yake tukaliona koti la kijivu limekaa kwenye kiti cha ngozi, mikono imekunjana. Madam alipita ukumbini na mkoba wake. Alisimama kando ya kiti changu, akaiweka sawa kola ya koti langu la buluu, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa nimekalia kiti hicho.

"Mbona bado mko hapa?" alituuliza, akaenda zake kwenye lifti.

Tulitazamana. Kisha mwenzangu akasimama, nikasimama, na ghafla watu kumi na wawili walikuwa wakizima kompyuta na kuangusha kalamu. Lifti ilikubali wanane. Sisi wengine tulishuka kwa ngazi tukikimbia na kusukumana, wakili mmoja akipiga vigelegele, mwanamume mzima.

Nilikwenda moja kwa moja Silanga. Jua lilikuwa bado liko juu ya bwawa lililo kando ya mtaa. Mchumba wangu alikuwa kwenye kibanda cha mama yake akifunga sukuma wiki mafungu, mikono ya shati imepandishwa. Aliniona, akatazama saa yake, akatazama jua, akaweka fungu chini. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimefutwa kazi.