Kerneli Tuliyoibakiza

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Voi, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilisema Bismillahi mlangoni, nikakabidhiwa kitambaa. "Vumbi letu hili jekundu ndilo bosi wa kwanza," aliniambia Msimamizi wa Mitambo. "Mimi ni wa pili."

Alikuwa mama wa Kidawida aliyekulia Ndara, kwenye ng'ombe. Ofisi yetu iligawa chakula wakati wa ukame, na barua pepe zote zilipokelewa na kompyuta moja ya Linux. Diski za wakati ule zilikuwa ndogo. Kila tulipoweka kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo kinachoamka kwanza na kuendesha vyuma vyote, ile ya zamani ilibaki ikishika nafasi.

Asubuhi moja diski ilijaa, barua zikakataliwa. Lori la kupeleka mahindi Kishushe lilikuwa uani, likingoja barua pepe ya idhini kutoka Mombasa ya kufungua ghala. Mkurugenzi aliingia akihema.

"Futeni kerneli zote za zamani! Acheni hii mpya tu. Watu wana njaa."

"Watapata, Mzee," Msimamizi alijibu. Akanigeukia. "Kwanza tuulize ni ipi inayofanya kazi sasa."

Nikaandika amri ya kuuliza hilo, uname -r. Jibu likaja: si ile mpya. Mpya Msimamizi aliiunda mwenyewe juzi, lakini mashine haikuwa imezimwa na kuwashwa tena.

"Kwetu Ndara," alisema, "hubomoi birika la zamani mpaka ng'ombe wanywe kwenye jipya."

"Na kwetu wanasema usiache mbachao kwa msala upitao," nikajibu.

"Kumbe watu wa pwani mna akili! Nilidhani ni pilau tu."

Hata Mkurugenzi alicheka. Tukabakiza mbili: inayofanya kazi, na mpya. Zile kuukuu tukazifuta pamoja na moduli zake, yaani vipande vinavyoisaidia kerneli kutambua vifaa. Tukaondoa majina yake kwenye faili ya mipangilio ya LILO, programu ya kuchagua kerneli, kisha tukaiendesha LILO upya, kwa kuwa yenyewe hukumbuka mahali kwenye diski, si jina la faili. Nafasi ikapatikana.

Kabla barua haijaingia, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine iliamka kwa kerneli mpya, ikagoma: haikuitambua diski. Mkurugenzi akashika kichwa.

"Hili birika langu linavuja," Msimamizi alisema, bila kupandisha sauti. Akawasha upya, akaisimamisha LILO, akaandika jina la kerneli ya zamani. Mistari ikateremka kwenye kioo. Modemu ikalia. Idhini ikaingia.

"Fungueni ghala," alisema, akarudi kwenye kiti chake kutafuta kosa la kerneli yake.

Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengine, Voi na Taveta, hadi nikastaafu. Sikumpata mwenye subira kama yake, na kila baada ya swala namwombea heri. Siku hizi mifumo mingi ya Linux hubakiza yenyewe kerneli ya akiba. Yeye alibakiza kwa mkono, lori likinguruma nje ya dirisha.

Jioni ile Kishushe walisonga sima. Hakuna aliyejua kerneli ni nini, alhamdulillahi.